Desturi ndogo za kila siku zinazolinda ujirani

(Maneno ya mazungumzo mbele ya familia zilizokimbia makwao, familia zilizowapokea na viongozi wao, jimboni Tanganyika)



 Najua kila mmoja aliyekaa hapa ameacha kazi. Kuna mama aliyeacha bidoni yake katika mstari, kuna baba aliyeacha kibarua cha leo. Kwa hiyo sitazunguka. Nataka tuzungumze juu ya mambo madogo tunayofanya kila siku, asubuhi na jioni, tukiwa na jirani ambaye hatufanani naye: si wa kabila letu, si wa kijiji chetu, au ni mwenyeji na sisi ni wageni. Mambo hayo madogo ndiyo yanayoamua kama tutalala salama au tutakimbia tena.

Ugomvi mkubwa una mwanzo mdogo

Watu wa jimbo hili hawahitaji kufundishwa hilo na mtu yeyote. Kuanzia mwaka 2013, na zaidi mwaka 2016 na 2017, Batwa na Baluba wamepigana katika maeneo ya Nyunzu, Manono, Kabalo na Kalemie. Vijiji vilichomwa, watu wengi walikufa, na mamia ya maelfu walikimbia. Mwaka 2016, upande wa Kabalo, moja ya mambo yaliyowasha moto ilikuwa kodi ya viwavi. Ndiyo, viwavi hivi tunavyookota porini na kula na bukari. Wengine walitaka kutoza kodi, wengine wakakataa, na damu ikamwagika.

Je, watu walikufa kwa ajili ya viwavi? Hapana. Chini ya viwavi kulikuwa na mambo ya miaka mingi: mashamba, kazi isiyolipwa vizuri, kudharauliwa, kutokaa pamoja kwenye sahani moja, vijana kukataliwa kuoana. Yale yote yalikuwa kama majani makavu yaliyorundikwa mbele ya nyumba. Viwavi vilikuwa njiti ya kiberiti tu.

Sisi hapa hatuwezi kuondoa njiti zote za kiberiti duniani. Kesho mbuzi atakula mihogo ya mtu. Kesho kutwa mtoto atampiga mwenziwe jiwe. Lakini tunaweza kupunguza majani makavu, kidogo kidogo, kila siku. Hilo ndilo neno langu la leo, na yote nitakayosema yanatoka humo.

Kwa nini tunasema desturi

Sisi wa mashirika tunakuja na miradi. Mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Siku ya mwisho tunapiga picha, tunagawa fulana, gari linaondoka. Mliobaki ni ninyi. Amani inayotegemea gari letu itaondoka pamoja na gari letu. Lakini jambo ambalo mama analifanya kila asubuhi bila kulipwa, bila kuitwa kwenye kikao, bila soda na biskuti, jambo hilo linabaki.

Ili desturi idumu inahitaji vitu vitatu.

Cha kwanza, iwe ndogo sana. Iwe ndogo hata mtu mwenye njaa, mwenye mtoto mgonjwa, aliyelala vibaya usiku, aweze kuifanya. Ukijiwekea kumtembelea jirani kila siku kwa saa moja, utaacha baada ya juma moja. Ukijiwekea kumsalimu tu, hutaacha.

Cha pili, ishikamane na kazi unayoifanya tayari. Kila siku unachota maji. Kila siku unawasha moto. Kila Jumapili au Ijumaa unaenda kusali. Funga desturi mpya kwenye kazi hiyo ya zamani, kama mtu anayefunga mbuzi kwenye mti. Usipoifunga, itapotea.

Cha tatu, ianze kabla ya ugomvi. Siku ya ugomvi moyo unachemka, na hakuna anayejifunza kuogelea wakati mtumbwi umeshapinduka.

Sasa nitataja desturi tano. Siwaombi mzibebe zote. Kila familia ichague moja.

Ya kwanza: kusalimu kwa jina

Tunaishi miezi mingi hema kwa hema, mlango kwa mlango, lakini ukisikiliza namna tunavyoitana utasikia: «yule Mutwa», «wale watu wa Kivu», «wale wa kambi», «wenye kijiji». Mtu asiye na jina ni rahisi kumchukia. Ni rahisi pia kuamini kila ubaya unaosemwa juu yake.

Desturi yenyewe ni hii: ukienda kuchota maji asubuhi, salimu watu watatu kwa majina yao, na mmoja wao awe mtu asiye wa upande wako. «Jambo, mama wa fulani, mmelala je?» Basi. Ni pumzi moja. Kama hujui jina, uliza: «Mama, nikuite nani?» Hakuna mtu anayekasirika kwa kuulizwa jina lake kwa heshima.

Kuna neno moja hapa kwa wale wa jamii kubwa. Ndugu zetu Batwa wengi wamekulia katika kusalimiwa mwisho, au kutosalimiwa kabisa, na hata mzee wao mwenye mvi anaitwa kama mtoto. Sheria ya nchi yetu, Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inalinda haki za Batwa na ndugu zao wa majimbo mengine kama watu wa asili. Sheria hiyo ni jambo kubwa. Lakini haiwezi kuja hapa saa kumi na mbili asubuhi kumwambia mzee wa Kitwa «shikamoo, baba». Hiyo ni kazi yako na yangu.

Ya pili: utaratibu wa bomba unaokubaliwa kabla

Hakuna mahali panapoleta kelele nyingi kama bombani. Ngoja tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hesabu inatuliza moyo.

Mashirika ya misaada yanafuata kitabu kinachoitwa Sphere. Kinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, na bomba moja lisitumiwe na watu zaidi ya 250. Hesabu hiyo ni kwa bomba linalotoa lita saba na nusu kwa dakika. Sasa angalieni. Bidoni ya lita 20 inajaa kwa dakika mbili na sekunde 40. Bomba likifunguliwa saa nane kwa siku, linajaza bidoni 180. Familia ya watu watano inahitaji lita 75, yaani bidoni nne kasoro kidogo. Watu 250 ni familia 50 za namna hiyo, na zote pamoja zinahitaji bidoni 187 na nusu. Mmeona? Hata siku ambayo mambo yote ni mazuri, maji yanatosha kwa shida.

Sasa watu wawili wanagombana, mmoja anaweka mkono kwenye bomba, na kwa nusu saa hakuna bidoni inayojazwa. Nusu saa hiyo ni lita 225. Ni bidoni 11 na kidogo. Ni maji ya siku nzima ya familia tatu. Familia hizo tatu hazikugombana na mtu, lakini jioni zitalala bila maji.

Kwa hiyo jirani si adui wa maji yako. Uhaba ndio adui, na ugomvi unauongezea nguvu.

Desturi hapa ni kukubaliana utaratibu siku ya utulivu, si siku ya mapigano, na kuurudia kwa sauti kila asubuhi kabla bomba halijafunguliwa. Mambo manne yanatosha: kila mtu anajaza bidoni mbili kisha anarudi nyuma ya mstari, mama mwenye mimba, mzee na mgonjwa wanapita mbele, bidoni isiyo na mwenyewe haishiki nafasi, na mlinzi wa bomba anabadilishwa kila juma, juma hili kutoka kwa wenyeji, juma lijalo kutoka kwa waliokimbia. Kuyasema yote ni dakika moja. Mkiyasema kila siku, mtoto wa miaka saba atayajua, na mtu mzima ataona haya kuyavunja mbele yake.

Hapo mambo ya mlinzi yanahitaji uangalifu. Kama walinzi ni wa upande mmoja siku zote, hata wakitenda haki, upande wa pili hautaamini.

Ya tatu: kutaja kitu, kutotaja kabila

Mnajua namna ugomvi unavyopanda. Mtu anasema: «Umesogeza bidoni yangu.» Ni kweli au si kweli, tunaweza kuangalia. Kisha anaongeza: «Ninyi watu wa kule ndivyo mlivyo.» Hapo bidoni imekwisha sahauliwa. Watu kumi waliokuwa wanacheka pembeni sasa wameguswa wote, maana wote ni «watu wa kule». Mambo ya watu wawili yamekuwa mambo ya makabila mawili, kwa maneno sita tu.

Desturi yetu iwe kusema mambo matatu, na kuishia hapo: nimeona nini, kimeniletea nini, naomba nini. Kwa mfano: «Mama, nimeona moshi wa jiko lako unaingia katika hema letu. Mtoto anakohoa usiku. Naomba tusaidiane kuligeuza jiko upande ule.» Hakuna kabila humo. Hakuna «siku zote» wala «kamwe». Kuna moshi, mtoto, na jiko linaloweza kugeuzwa.

Watoto wanajifunza kwa kutusikiliza. Kama jioni, karibu na moto, baba anasema «jirani fulani amenikosea leo», mtoto anajifunza kwamba mtu mmoja alikosa. Kama baba anasema «watu wale ni wezi», mtoto anajifunza vita. Kwa hiyo tuzoeze midomo yetu nyumbani kwanza, kwa maana ulimi hauna mfupa.

Na saa ya kusema ichaguliwe. Usipeleke neno gumu kwa jirani usiku, wala ukiwa na njaa kali, wala mmoja wenu akiwa amekunywa lutuku. Mambo mengi ya visu na mapanga yanatokea saa hizo. Mwambie kwa upole: «Baba, kuna jambo nataka tuzungumze, lakini tulale kwanza. Kesho asubuhi nitakuja.» Kisha asubuhi nenda kweli. Usipoenda, jambo linabaki ndani na kuoza.

Ya nne: maswali matatu kabla ya kupitisha habari

Uvumi unakimbia kuliko pikipiki. Mtu anakuja anahema: «Wamekuja usiku, wameua, wako njiani!» Wakati mwingine ni kweli, na maisha yanaokoka kwa sababu mtu aliwahi kusema. Wakati mwingine ni ng'ombe walioonekana gizani. Na siku hizi simu inapokea sauti na picha, na picha ya nchi nyingine au ya mwaka mwingine inasemwa ni ya jana, hapa karibu.

Desturi ni kuuliza maswali matatu kabla mdomo wako au simu yako haijaipeleka mbele: Nani aliona kwa macho yake? Ni wapi hasa? Ni lini hasa? Kama jibu ni «watu wanasema», basi habari hiyo inapelekwa mahali pamoja tu, kwa mtu aliyechaguliwa na kamati kuihakikisha. Haipelekwi sokoni. Haipelekwi bombani.

Msielewe vibaya. Sisemi mtu asiogope. Mtu aliyekwisha kukimbia mara tatu ana haki ya kuogopa. Mkiona hatari kwa macho yenu, kimbizeni watoto kwanza, mtauliza baadaye. Nasema juu ya habari ile inayotaja kabila na kutaka kisasi. Hiyo ndiyo ya kusimamisha mlangoni kwako.

Ya tano: kwenda mwenyewe, siku hiyo hiyo

Mbuzi wako amekula mihogo ya mwenyeji. Mtoto wako amevunja kikapu cha mama jirani. Kuni zimekatwa katika shamba lisilo letu. Mambo haya yatatokea. Watu ni wengi na mahali ni padogo. Mwaka 2025 familia nyingi kutoka Kivu ya Kusini zilifika Kalemie, na mbele ya hapo maji ya ziwa yaliwaondoa wengine katika nyumba zao, kama mwaka 2024. Wenyeji waliogawa uwanja, maji na kuni hawakuwa matajiri.

Desturi ni kwamba mwenye mbuzi anatangulia. Haongojei kuitwa. Kabla jua halijazama anaenda mwenyewe kwa mwenye shamba, pamoja na mtu mmoja anayeaminiwa na pande zote mbili, na wote watatu wanaangalia uharibifu kwa macho. Wanahesabu pamoja: mashina mangapi? Wanakubaliana fidia ndogo inayowezekana, hata kama ni siku mbili za kulima. Shina lililohesabiwa jioni ni shina kumi. Likingojea juma moja, katika hasira linakuwa shamba zima.

Hapa niongeze neno juu ya mashamba ya kuazima, maana yanaleta kesi nyingi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, lakini kijijini tunaishi kwa desturi, na chefu ndiye anayegawa. Kati ya sheria na desturi watu wengi wanapotea. Mwenyeji akikuazima shamba, andikeni karatasi ndogo mbele ya mashahidi wawili: shamba liko wapi na mipaka yake ni ipi, ni kwa msimu gani, na ni nini kitakachorudishwa wakati wa mavuno. Na asiyekuwa mwenye shamba asipande michikichi wala mti mwingine wa miaka mingi bila ruhusa, kwa sababu kwetu anayepanda mti anaonekana kudai ardhi. Karatasi hiyo si hati ya mali. Ni kumbukumbu tu. Lakini kumbukumbu iliyoandikwa haibadiliki kinywani mwa mtu.

Neno kwa viongozi

Waheshimiwa, watu wanafuata miguu yenu zaidi ya maneno yenu. Baada ya vita, katika vijiji vingi vya jimbo hili, kamati za Baraza ziliundwa, Batwa na Baluba wakikaa pamoja kusikiliza kesi. Pale zinapokaa mara kwa mara, zinasaidia. Pale zinapongoja shirika lilete usafiri na chakula, zinakufa.

Naomba desturi moja tu kwenu: nusu saa kila juma, siku moja, saa moja, mahali pamoja, hata kama hakuna kesi. Kaeni chini ya mti ule ule. Wawepo wenyeji na waliokimbia, wanaume na wanawake, na kijana angalau mmoja. Muwe na daftari lenye mistari minne: tarehe, jambo gani, wamekubaliana nini, nani ataangalia kama limefanyika. Juma linalofuata, kabla ya jambo jipya, someni la zamani.

Na mambo mawili yanaharibu baraza haraka. La kwanza ni kuku au bia ya kufungua kesi. Maskini asiye na kuku hatakuja, atatafuta panga. La pili ni orodha za misaada zinazofichwa. Siku ya kuandika familia, someni majina kwa sauti mbele ya wote. Kiongozi anayeingiza shemeji yake kwa siri katika orodha anachochea ugomvi ambao salamu elfu moja haziwezi kuuzima.

«Kwa nini nianze mimi?»

Swali hili naliheshimu. Mtu anauliza: «Nyumba yangu ilichomwa. Mtoto wangu hajulikani alipo. Nami ndiye nianze kusalimu?» Sitamjibu mtu huyo kwa haraka, na ninyi msimjibu kwa haraka.

Nitasema hivi tu. Salamu si msamaha. Kumsalimu jirani hakufuti deni, hakuondoi haki yako ya kushitaki, hakusemi kwamba lililotendeka lilikuwa dogo. Mara nyingi jirani unayemwona bombani si yeye aliyechoma nyumba yako. Naye alikimbia moto ule ule, kutoka upande mwingine. Salamu inaacha tu njia wazi. Siku utakapokuwa na nguvu ya kusema uchungu wako, kutakuwa na mtu wa kukusikiliza. Na siku mtakaporudi makwenu, na wengi wenu mnataka kurudi, mtarudi kwenye vijiji ambako watu wale wale ndio majirani. Mazoezi ya kule yanaanzia hapa.

Kwa anayeumia sana, aanze na kilicho kidogo zaidi: asirudishe tusi. Hiyo nayo ni desturi, na si ndogo.

Mambo ambayo si ya kumaliza chini ya mti

Lazima niseme pia mpaka. Desturi ndogo ni kwa mambo madogo. Mauaji, kubaka, kuteka watu, kuwaingiza watoto katika vikundi vya silaha: hayo si mambo ya kupatanisha kwa mbuzi na pombe. Ni makosa mbele ya sheria.

Aliyebakwa, awe mwanamke, msichana au mwanamume, apelekwe kituo cha afya mara moja, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo. Hata saa hizo zikipita, aende bado, kuna matunzo mengine. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinaadhibu makosa haya. Baraza linalolazimisha msichana kuolewa na aliyembaka haliletei kijiji amani. Linamnyamazisha mtu mmoja ili wengine wapumzike, na hiyo ni dhuluma ya pili.

Kuanza kesho

Ndugu zangu, tukitoka hapa tusibebe mzigo mkubwa. Leo jioni, wakati wa chakula, kila familia ikubaliane desturi moja, na kazi itakayofungwa nayo. «Sisi, tukienda kuchota maji, tutasalimu watatu.» «Sisi, tukikaa karibu na moto, hatutataja kabila.» Ifanyeni siku thelathini. Siku mkisahau, msiseme tumeshindwa. Endeleeni kesho yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hakijazi kwa siku moja.

Baada ya siku thelathini, kaeni tena mjiulize: kelele bombani zimepungua? Kuna jirani ambaye sasa tunajua jina lake? Kama ndiyo, ongezeni desturi ya pili. Kama sivyo, badilisheni, chagueni iliyo ndogo zaidi.

Sikuja na ahadi ya kwamba vita vitakwisha. Wenye silaha hawakutuuliza walipoanza, na sauti yetu kwao bado ni ndogo. Lakini bomba ni letu, njia kati ya mahema ni yetu, na mdomo wa kila mmoja ni wake. Hapo tunaweza kuamua.

 Amani ikae katika nyumba zenu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika mahali petu, ni jambo gani dogo linaloleta ugomvi mara nyingi zaidi: maji, kuni, watoto, mifugo, mashamba, au orodha za misaada?

2. Je, najua majina ya majirani wangapi wasio wa upande wangu?

3. Ni nani kati yetu anayeaminiwa na pande zote, anayeweza kutumwa kuhakikisha habari kabla haijaenea?

4. Kamati yetu inakaa siku gani? Kama hakuna siku, tuchague leo ipi?

5. Familia yangu inachagua desturi gani moja kwa siku thelathini zijazo, na itaifunga kwenye kazi gani ya kila siku?